Na, Au, Bila: Tarikhi ya Kusaka Habari Magazetini

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwako, katika miji ya Paris, London na New York, watu ambao riziki yao ilikuwa kusoma magazeti tangu asubuhi hata jua likichwa, wala hawakuyasoma kwa kujiburudisha au kwa kujielimisha, bali kwa kusaka majina ya watu wasiowajua na habari za mambo yasiyowahusu. Gazeti lilitandazwa juu ya meza pana. Msomaji akapitisha jicho safu baada ya safu. Na kila alipokuta jina la mteja, awe ni mwigizaji aliyesifiwa au mchoraji aliyesutwa, alilitia alama ya wino na kuandika pembeni nambari ya mteja huyo. Kisha gazeti likapita kwa mwenye mkasi, mwenye mkasi akakata, mwenye gundi akabandika kile kipande juu ya karatasi iliyoandikwa jina la gazeti na tarehe yake, na bahasha ikapelekwa posta.

Ofisi ya kwanza ya kazi hii kupata sifa, L'Argus de la Presse, ilifunguliwa Paris mwaka 1879, na wateja wake wa mwanzo walikuwa waigizaji na wasanii waliotamani kujua wanavyosemwa bila kununua kila gazeti la mji. Mwaka uliofuata Durrant's ikaanza London. Kisha Henry Romeike, mzaliwa wa Riga, akafungua ofisi yake London mwaka 1881, na baada ya miaka michache akavuka Atlantiki kuipeleka biashara hiyo New York. Na mwaka 1888 ikazaliwa huko Marekani ile ya Burrelle. Mwaka huo huo wa 1888, nami nautaja kwa kuwa ni sehemu ya tarikhi yetu, wanafunzi wa chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, walianza kuchapa Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Hivyo gazeti letu na mkasi wa magazeti ni marika, ingawa wakati ule hakuna aliyekuwa na habari za mwenziwe.

Wateja walikuwa wakilipia uchujaji. Magazeti yalikuwa rahisi, na yalikuwa mengi kama dagaa. Ila mtu mwenye shughuli zake hakuwa na saa za kuyapitia yote, na hata angekuwa nazo, jicho lisilozoea hupita juu ya jina bila kuliona. Msomaji stadi alihifadhi kichwani mamia ya majina na mambo, na kila jina lilikuwa na sharti lake. Tuseme mteja mmoja ni mwenye kiwanda cha sabuni, naye anataka kila habari itajayo sabuni yake au kiwanda chake, na kadhalika habari za mafuta zikitajwa pamoja na bei, ila hataki kuletewa matangazo aliyoyalipia mwenyewe. Ukiyatazama maagizo hayo kwa makini utaona kwamba yote yamefungwa kwa vineno vitatu: na, au, bila. Msomaji hakuvitamka. Vilikaa ndani ya mazoea yake, kama vile nahodha wa jahazi asivyozitaja nyota kwa majina kila anapogeuza usukani. Na msomaji huyo alipougua au alipoacha kazi, sehemu kubwa ya ustadi wa ofisi iliondoka naye mlangoni.

Aliyevitoa vineno hivyo nje ya kichwa cha mtu na kuviandika kwa alama hakuwa mtu wa magazeti. George Boole alizaliwa katika mji wa Lincoln, Uingereza, tarehe 2 Novemba 1815, mwana wa fundi viatu aliyependa kutengeneza darubini kuliko kushona viatu, na kwa hiyo nyumba haikuwa na mali. Shule aliisoma kidogo. Kilatini, Kiyunani na hisabati za juu alijifunza zaidi kwa juhudi zake. Akiwa na miaka 16 alianza kufundisha ili kuwalisha wazazi na ndugu zake, na akiwa na miaka 19 alikuwa na shule yake mwenyewe. Mtu huyu asiye na shahada aliteuliwa mwaka 1849 kuwa profesa wa hisabati katika chuo kipya cha Queen's College, mjini Cork, Ireland, na mwaka 1854 akatoa kitabu chake kikuu, The Laws of Thought, ambamo alitaka kuonyesha kwamba kufikiri sawasawa kuna kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zaweza kuandikwa na kukokotolewa kama vile mfanyabiashara akokotoavyo hesabu za duka.

Mfano alioutumia ungemfurahisha mfugaji yeyote wa kwetu, kwa maana ulikuwa mfano wa kondoo. Herufi moja na isimame badala ya vitu vyote vyeupe, ya pili badala ya kondoo wote, ya tatu badala ya kila chenye pembe. Ukiziandika mbili za kwanza pamoja, kama mtu azidishaye tarakimu, umepata kondoo weupe. Ukiongeza ya tatu, umepata kondoo weupe wenye pembe, nao ni wachache kuliko wale wa kwanza, kwa kuwa kila sharti linaloongezwa hupunguza kundi. Hii ndiyo *na*. Ukijumlisha makundi mawili, ng'ombe na mbuzi wakaingia zizi moja, kundi hukua, na hii ndiyo *au*. Ama *bila*, Boole aliipata kwa kutoa: chukua vyote vilivyoko, ambavyo yeye aliviandika kwa tarakimu 1, ondoa vyeupe, na vilivyobaki ni vyote visivyo vyeupe. Aliona pia jambo ambalo hesabu za kawaida hazilijui, kwamba kitu kikizidishwa kwa nafsi yake hakibadiliki, maana kusema kondoo walio kondoo ni kusema kondoo tu.

Palikuwa na fundo moja ambalo Boole hakulifungua kama tunavyolifungua leo, nalo ni fundo la *au*. Yeye alijumlisha makundi yasiyochanganyika tu, yaani aliye katika hili hawezi kuwamo katika lile. Mwanamantiki William Stanley Jevons akamwandikia kumshauri kwamba kujumlisha kungefaa kuruhusu mmoja awemo katika yote mawili, ila Boole hakukubali. Msemaji wa Kiswahili analijua fundo hili tangu utotoni, kwani mama akiuliza, "Utakunywa chai au maziwa?" mtoto hajui kama ameruhusiwa vyote viwili mpaka amtazame mama usoni. Shauri la Jevons ndilo lililoshinda, na kila mashine ya leo ya kusaka habari ikipewa *au* huleta kilicho na hiki, na kilicho na kile, na kilicho na vyote viwili. Boole mwenyewe hakuishi kuyaona hayo: mwishoni mwa mwaka 1864 alitembea kwa miguu katika mvua kubwa kwenda kufundisha, akafundisha akiwa na nguo zilizolowa, akashikwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 8 Desemba akiwa na miaka 49.

Kanuni zake zilikaa zaidi vitabuni kwa miaka zaidi ya sabini, na ni wachache tu walioona kwamba zina kazi ya mikono. Mwaka 1937 kijana wa Marekani, Claude Shannon, alionyesha katika tasnifu yake kwenye chuo cha MIT kwamba swichi za umeme, kama zile zilizotumika katika mitambo ya simu, zikiunganishwa kwa kufuatana hufanya kazi ya *na*, na zikiunganishwa kwa sambamba hufanya kazi ya *au*. Na tasnifu hiyo ni mojawapo ya misingi ya ujuzi wa kuchora mizunguko ya kompyuta. Wakutubi hawakungoja kompyuta. W. E. Batten, Mwingereza, alitumia kadi zenye matundu kwa namna ambayo kila nikiifikiri naiona nzuri mno. Kila jambo lilikuwa na kadi yake, tuseme moja ya pamba, moja ya bei, moja ya usafiri. Na katika kila kadi kila waraka ulikuwa na mahali pake maalumu, ambapo tundu lilitobolewa iwapo waraka huo unahusu jambo hilo. Mwenye kutaka nyaraka zihusuzo pamba na bei na usafiri alizibeba kadi tatu, akazipanga moja juu ya nyingine, akaziinua mbele ya taa. Na pale mwanga ulipopenya kutoka upande hadi upande, hapo ndipo ulipo waraka autakao. *Na* ya Boole ilikuwa imekuwa nuru inayoonekana kwa macho.

Mapema katika miaka ya 1950 mkutubi wa Marekani, Mortimer Taube, alieneza desturi ya kuzipa nyaraka maneno mepesi ya mojamoja badala ya vichwa virefu vya habari, ili mtafutaji ayaunganishe maneno hayo mwenyewe wakati wa kutafuta. Na mwaka 1958 Hans Peter Luhn, wa kampuni ya IBM, akapendekeza kwamba kila mtaalamu awe na orodha ya maneno yanayomhusu, ihifadhiwe ndani ya mashine, na kila waraka mpya unaoingia upimwe kwa orodha hiyo. Hapa mkasi wa Paris na herufi za Boole vilikutana. Kwa maana yule msomaji wa magazeti hakuulizwa swali mara moja akalijibu na kwenda zake. Swali lake lilikuwa la kudumu, nalo lilisimama mlangoni kama bawabu, likilikagua kila gazeti lililoingia. Yaliyofuata yalikuwa ya ukubwa tu. Roger Summit, wa kampuni ya Lockheed, alijenga Dialog, ambayo ilianza kuuza huduma yake mwaka 1972. Mwaka uliofuata ikaja Lexis kwa ajili ya wanasheria. Na mwaka 1980 ikaja Nexis, ambamo maandishi kamili ya magazeti na majarida yaliweza kutafutwa neno kwa neno, na mwenye kutafuta aliweza hata kuamuru kwamba neno hili lisiwe mbali na lile kupita maneno kadhaa.

Watu walidhani kazi imekwisha. Maadamu kila neno la gazeti limo ndani ya mashine, walisema, hakuna kitakachofichika. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, David Blair na M. E. Maron, walichapisha matokeo ya jaribio lililowavunja watu moyo, na kwa maoni yangu kila anayeingia katika kazi hii angepaswa kuanza nalo. Palikuwa na kesi kubwa mahakamani, yenye nyaraka karibu 40,000, kurasa zipatazo 350,000, zote zimeingizwa katika kompyuta. Mawakili waliokuwa wakiitetea kampuni iliyoshtakiwa walitaka wapate angalau robo tatu ya nyaraka zihusuzo kila swali, wakaendelea kusaka na kusaka upya mpaka waliporidhika kwamba wamezipata. Wataalamu wale walipopima kwa njia nyingine, waliona kwamba kwa wastani mawakili walikuwa wamepata moja tu katika kila tano.

Sababu yake ndiyo yenye mafunzo. Kesi ilihusu ajali, na mawakili walitafuta neno ajali. Lakini watu wa upande ulioshtakiwa, katika barua zao, hawakupenda kuiita ajali. Waliiita tukio, au hali, au tatizo, au mambo yale yaliyotokea wiki iliyopita. Mashine ilitii sawasawa ilivyoamriwa, na aliyeiamuru hakuwa amejiuliza jinsi mtu mwenye hofu anavyoliita jambo linalomtisha. Kanuni za Boole hazina kosa hata moja. Ila Boole alipoandika herufi badala ya kondoo, alikuwa amekwisha kuwajua kondoo wote. Mwenye kusaka magazetini hupewa herufi kwanza, kisha huachiwa kazi ya kuwatafuta kondoo, na baadhi yao wameandikwa jina la mbuzi.

Nimekuja sasa mahali ninapotaka kukaa, napo ni Kiswahili. Vyombo hivi vya kusaka vilibuniwa na watu wa lugha ambazo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, na kwa hiyo vikapewa alama ya kinyota inayowekwa mwisho wa shina, kwa maana ya kwamba lolote lifuatalo na lije. Tena ilikuwa rahisi kwa mashine, kwa kuwa faharasa yake imepangwa kwa herufi za mwanzo kama kamusi, na maneno yenye mwanzo mmoja yamekaa jirani. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mwalimu na walimu hawakai ukurasa mmoja wa kamusi, wala kijiji na vijiji. Na kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa mbele ya shina, hata shina lenyewe likawa kama abiria wa mwisho kupanda basi, aliyesimama mlangoni. Mashine nyingi za zamani hazikuruhusu kinyota mbele ya neno, na zile zilizoruhusu zililazimika kuwa na faharasa ya pili iliyoandikwa kinyumenyume.

Tuchukue mfano mmoja, nao tuufuate mpaka mwisho wake. Mtu anataka kila habari ihusuyo migomo ya walimu katika magazeti ya Kiswahili. Mwanafunzi ataanza kwa kuandika mgomo wa walimu ndani ya alama za kunukuu, na mashine itamletea habari zenye maneno hayo matatu kwa mpangilio huo huo. Atakosa mgomo huo wa walimu, kwa sababu ya kineno kimoja kilichopenya katikati. Atakosa walimu wagoma, ambacho ndicho kichwa cha habari mhariri anachokipenda kwa kuwa ni kifupi. Atakosa walimu waliogoma na walimu watakaogoma. Basi ataliacha fungu la maneno na kushika shina, aandike goma na kinyota mbele yake. Hapo watakuja wote, waliogoma na waliotishia kugoma na waliokana kwamba wamegoma. Ila wataandamana na kila ngoma iliyopigwa harusini, na kila habari ya mkoa wa Kigoma, na ya mji wa Goma katika Kongo, ambao kwa bahati mbaya huandikwa magazetini mara nyingi. Tena atakuwa ameukosa mgomo wenyewe, maana jina hilo huishia kwa o. Akifupisha shina ili alipate na hilo, aandike gom na kuweka kinyota mbele na nyuma, atakuwa amefungua lango la boma zima: ataingia mgombea wa udiwani pamoja na ugomvi wake, itaingia migomba ya Bukoba, itaingia ngome ya Yesu ya Mombasa, watu wote wa Magomeni wataingia, na pamoja nao ng'ombe wote walioandikwa na mpiga chapa mwenye haraka bila ule mkato wao wa juu.

Hakuna njia ya mkato hapa, nami nalisema kwa yakini, kwa kuwa nimekwisha kuzijaribu zote. Inambidi mtafutaji akae chini na kuyaandika maneno kwa mkono, mgomo au migomo au kugoma au wagoma au wanagoma au wamegoma au waligoma au watagoma au wakigoma au waliogoma au walipogoma, ayafunge yote ndani ya mabano. Kisha aweke *na*. Kisha afungue mabano mengine ya mwalimu au walimu. Kazi hii ni ya mtu aliyenyambua vitenzi tangu shule ya msingi akidhani ni adhabu. Na akiisha kuyaandika hayo, akumbuke wale mawakili na kesi yao, ajiulize nani mwingine anazungumzia jambo hili na kwa jina gani. Kwa maana chama cha walimu kitaandika mgomo, na mwandishi wa Nairobi aweza kuandika kwamba wameweka zana chini, na mwingine kwamba wamesusia madarasa, na mkuu asiyetaka jambo likue aweza kusema kwamba ni utoro wa watumishi wachache.

Mabano nayo yana siri yake. Boole aliandika *na* kama kuzidisha, na *au* kama kujumlisha, na kila mtoto wa shule anajua kwamba kuzidisha hutangulia. Basi mashine nyingi zimeirithi ada hiyo. Ukiandika walimu au wauguzi na mgomo, pasipo mabano, mashine hizo zitasoma kwamba unataka habari yoyote ya walimu, iwe ya mgomo au ya mashindano ya kwaya, na kando yake habari za wauguzi waliogoma. Wewe ulikusudia jingine kabisa, na mtu aliyekusikia akisimama mbele yako angelielewa kwa mapumziko ya sauti yako. Mashine haina sikio la kuyasikia mapumziko, na mabano ndiyo pumzi zake.

Ama *bila*, hiyo ni kisu kikali, na mwenye kukishika na ashike kwa uangalifu. Msomaji na amfikirie ofisa wa wanyamapori anayetaka habari za simba wavamiao mazizi. Magazeti ya Dar es Salaam humletea, asubuhi kwa jioni, habari za Simba, ambalo tangu mwaka 1971 ni jina la klabu ya soka iliyokuwa ikiitwa Sunderland, na shauri la kwanza linalomjia mtu ni kuandika simba bila ligi, bila Yanga, bila kocha, bila goli. Siku nyingi atafurahi. Lakini siku ambayo simba atamjeruhi mchungaji, na kijana mmoja mshabiki wa Yanga akasimulia jinsi alivyomkimbia, habari ile ile iliyotafutwa mwaka mzima itatupwa nje kwa ajili ya neno moja, na hakuna atakayejua, kwa sababu kilichotupwa na *bila* hakiachi alama. Kosa la *au* hukuletea takataka, nazo utaziona na kuziondoa. Kosa la *bila* halionekani. Ndiyo maana waliobobea katika fani hii huitumia mwisho kabisa, tena aghalabu hupenda kuiacha, wakashika *na* badala yake: simba na mifugo, simba na zizi, simba na mchungaji, maneno hayo yasiachane kwa zaidi ya kumi au kumi na tano.

Fauka ya hayo kuna tahajia. Mtu anayesaka katika magazeti ya kale hukuta khabari mahali pa habari, sirikali mahali pa serikali. Na hata baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 na kusanifu maandishi, majina ya watu yalibaki huru kama ndege. Muhammad, Mohamed, Mohammed, Muhamadi, wote waweza kuwa mtu mmoja katika gazeti moja la wiki moja, na anayemtafuta kwa tahajia moja tu atakuwa amepata robo ya maisha yake. Nayo maneno mapya huzaliwa yakiwa mapacha: mwaka 2020 maradhi yale yaliandikwa corona, yakaandikwa korona, yakaandikwa Covid-19, kisha likaja UVIKO-19, na aliyeweka swali lake mwezi wa Machi akalala usingizi hakuona habari zilivyomkimbia mwezi baada ya mwezi. Swali la kudumu hudumu kwa kutunzwa, kama jahazi linavyohitaji kukalafatiwa kila msimu.

Kuna kisa kimoja cha miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ambacho nilikipita makusudi, nami nakirejea sasa. Mnamo mwezi wa Agosti 1939 shirika la BBC lilianzisha idara ya kusikiliza redio za mataifa, kwanza Wood Norton, karibu na mji wa Evesham, na mwaka 1943 ikahamia Caversham Park, karibu na Reading. Wasikilizaji walikuwa watu wa lugha nyingi, wengi wao wakimbizi kutoka bara la Ulaya, na kazi yao ilikuwa ile ile ya meza za Paris, isipokuwa safu za wino ziligeuka sauti: wasikilize saa zote, wachuje, wapeleke yaliyo muhimu. Miongoni mwao alikuwako Ernst Gombrich, mzaliwa wa Vienna, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa vitabu vyake vya historia ya sanaa, naye aliifanya kazi hiyo muda wa miaka sita.

Tarehe 1 Mei 1945 redio ya Ujerumani ilitangaza kwamba wasikilizaji wangoje tangazo zito, kisha ikapiga muziki. Hapakuwa na jina la mtu, wala neno lolote ambalo mtu angeliweka ndani ya mabano. Muziki ulikuwa sehemu ya polepole ya simfoni ya 7 ya mtunzi Bruckner, na Gombrich alijua kwamba Bruckner aliitunga kwa kumwomboleza mtunzi mwenziwe Wagner. Akachukua vipande vya karatasi, akaandika juu ya kila kimoja jambo moja lililowezekana kutangazwa, mojawapo kwamba Hitler amekufa, akaketi akingoja. Tangazo liliposomwa, alinyoosha kidole kwenye kipande kilichohusika, na mwenzake aliyekuwa ameshika simu akaupeleka ujumbe London.